Giza la Bure

Desemba hapa Kemi jua huchungulia saa tano,
likaona theluji, likaona bomba la kiwanda cha karatasi,
saa saba na nusu limeshaaga.
Veikko akasema: giza tunalo, tena la bure,
kilichobaki ni projekta.
Na Juni, jua likigoma kulala?
Juni tutaangalia nje.

Ya kwanza: euro mia nne na tisini,
plastiki nyeupe, nyepesi kama mkate,
feni yake inavuma
kama mgeni anayekoroma sebuleni.
Ya pili: elfu tatu na mia mbili,
taa ya leza, lenzi nene kama kitako cha chupa,
nyeusi tii, imekaa kimya
kama mtu mwenye akiba benki.

Rahisi huzaa ghali, nikamkumbusha mume wangu.
Na ghali huzaa nini? akauliza
kwa sauti ya kujaza duka,
maana miaka thelathini na mmoja kando ya mitambo ya karatasi
ilimla masikio yote mawili.
Feni? Feni gani? Mimi sisikii feni.
Joonatan, kijana wa dukani, akainama, akaicheka sakafu.

Mimi ndiye ninayesikia.
Mimi pia ndiye niliyetolewa mtoto wa jicho mwezi wa tatu,
na tangu hapo nakijua kijivu
kinachojipaka masizi kionekane cheusi.

Akatuingiza chumba cha nyuma, akavuta pazia.
Alitaka kutuonyesha magari yanayolipuka.
Nikampa flashi yangu:
dakika nne za mwaka sabini na nne,
zilizookolewa kutoka kopo la biskuti.
Baba yangu, Urho, yuko juu ya paa la sauna
anakomba theluji kwa koleo la mbao.

Kwenye ile rahisi: paa, koleo, baba,
theluji nyeupe pe kama shuka la hoteli.
Nikatosheka. Nilikuwa nimeshafungua mkoba.
Kwenye ile ghali
theluji ikapata mikunjo, ikapata ubuluu,
na pale chini, pembeni kushoto,
kivuli kirefu: skafu, kiwiko kimeinuka,
kamera jichoni.

Mama.
Saimi, asiyekuwemo katika filamu hata moja
kwa kuwa yeye ndiye aliyezipiga zote.
Hii nimeitazama miaka hamsini.
Kivuli kikahamisha uzito, mguu huu, mguu ule,
kama mtu anayesikia baridi na hataki kusema.

Veikko akatoa pochi.
Yeye, anayehesabu viazi kabla ya kuvimenya.
Elfu tatu na mia mbili:
ni nusu ya paa, ni meno yangu ya chini,
ni tiketi ya kwenda Perth, kwa Aune, na ya kurudi.
Nikamshika mkono.
Rudia, nikamwambia kijana. Akarudia.
Rudia tena.
Mara ya tano nikawa nahesabu kwa midomo:
anaingia sekunde ya arobaini na moja,
anatoka ya hamsini na nane.

Tukaondoka na ile ya mia nne na tisini.
Garini niliipakata, na kweli ilikuwa kama mkate.

Sasa ni saa tisa alasiri, usiku mnene.
Feni inavuma. Mume wangu anakula karanga kwa amani.
Ukutani theluji ni pe, haina mkunjo hata mmoja,
baba anakomba weupe mtupu.
Sekunde ya arobaini nasimama,
nasogea, naweka kidole pembeni kushoto.
Hapa, namwambia.
Wapi?
Hapa.
Nimeikata nuru bila kujua:
kivuli changu mwenyewe, skafu, kiwiko kimeinuka,
kimesimama pale pale.