Masomo ya Baba, Pasua

Kidole gumba taratibu, baba,
hukamui ndizi za mbege.
Ule mlima wa theluji uache kwanza.
Mbwa mwitu wa kule watakumaliza hata hujachomoa panga.
Najua, wa kwetu umeupanda miaka kumi na tisa
na mahema ya wageni kichwani;
humu umezaliwa leo asubuhi,
una shati moja na mkate.

Okota majani, hata usiyoyajua jina.
Ngozi usimuuzie mtu wa kwanza:
huyo wa darajani anapunja kuliko dalali wa Mbuyuni.
Msalimie anayefua mtoni. Msalimie tena.
Ufunguo anao, ila hampi mwenye haraka.
Na kila ukikuta moto, hifadhi.
Umeme wa Pasua hauagi.

Alikufa mara sita kabla ya chai,
mguu wenye plasta juu ya ndoo,
akimtukana dubu kwa Kichaga.

Mara ya saba kioo kikaandika:
Mzigo umezidi. Huwezi kukimbia.
Baba akacheka mpaka akashika mbavu.
"Kumbe na huku wanapima kilo getini!"

Nikamwambia atupe majani, hayana bei.
Akatupa ngao. Akatupa kofia ya chuma,
akafikiri kidogo, akatupa na panga.
Mkate akabaki nao, na blanketi,
na kamba.

Kisha mwanafunzi wangu
akaugeukia mlima.