Ungo wa Mchele

Barua ya Wijeratne ilisema siku tatu tu.
Tuliendesha winchi moja Kilindini, mimi na yeye,
miaka kumi na mmoja,
basi nisingeweza kumwambia nduguye, "Nyumba ni ndogo."

Akaja Kuze na mfuko mmoja na mwavuli,
kichwa kimenyolewa, shuka rangi ya bizari,
watoto wa mtaa wakamfuata mpaka ngazini.
Mwanatumu alikuwa na wasiwasi wa mkono:
je, akiunyosha wake?
Hakuunyosha. Yeye ndiye aliyerudi hatua nyuma,
akatandaza kitambaa mezani, sahani ikawekwa hapo.
"Kumbe ana adabu zetu," mke wangu akaninong'oneza jikoni,
na wasiwasi ukahamia tumboni mwa mgeni.

Maana hali cha jioni.
Adhuhuri ikishapita, ni chai ya rangi tu.
Sisi jua likizama tunafungua;
yeye jua likipinda anafunga,
na kesho tena, na mwakani, bila kungoja mwezi uandame.
"Mgeni alale na ndaa ndani ya nyumba yangu?
Mamangu nitamwambiani tukikutana huko?"
Akaufunika mkate wa sinia kwa kawa, akauacha mezani.
Kulipopambazuka ulikuwa mzima.
Akauchukua, akauweka upya juu ya kitambaa.
Safari hii aliumaliza.

Siku ya pili, saa nne, Batuli mjukuu wangu akamuuliza:
"Dini yenu ina njia ngapi?"
Mtoto wa darasa la sita huuliza kama karani wa forodha.

Mwanatumu alikuwa mkekani, achambua mchele.
Mwalimu akaomba gao moja, akalimwaga juu ya gazeti.
Kwa kizungu chake cha kukatika na changu cha bandarini
maneno yakavuka hivi:

"Wako wasemao: chambua chako.
Chuya, toa. Kijiwe, toa.
Utazame mkono wako unavyokwenda,
na hamaki ikija, nayo ni chuya, itambue, itoe.
Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na hunichukua siku nzima.

"Wako wasemao: chambua, lakini usile
mpaka mtaa mzima ushibe, na paka wa mtaa,
hata kama sufuria haina mwisho.

"Na wako, huko kwenye milima ya theluji,
wasemao kijiwe nacho usikitupe upesi.
Hasira yako, uchu wako, vina moto ndani;
ajuaye kuushika huupikia.
Ila usijaribu bila mpishi wa kukusimamia."

"Basi?" akasema Batuli.
"Wengine hukaa tu mbele ya ungo.
Ukiwauliza, watakuuliza: ungo upi?"
Batuli akacheka mpaka akapaliwa.

Mimi nikatoa lililonikaa kooni:
"Na Mola yuko wapi katika mchele huo?"
Alinyamaza. Kwa jirani cherehani ilikuwa ikienda.
"Swali hilo mwalimu wetu aliliacha ungoni," akasema.
"Wewe umeshajibiwa. Sikuja kukuondolea jibu."
Nilishukuru. Usiku ule sikulala vizuri.

Tulipogeuka, maji yalikuwa yanachemka.
Mwanatumu alichambua pishi nzima sisi tukiongea,
pamoja na lile gao la gazetini.
Mwalimu aliutazama ungo mtupu, akauinamia kidogo.
"Na huyu," akauliza, "yuko njia gani?"
Hakuna aliyetafsiri.

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe, na Kuze hatuna shamba.
Alikuwa ameshautwaa ufagio wa chelewa mwenyewe,
anafagia ngazi, pole pole, mpaka mlangoni kwa jirani,
yule aliyekuwa akiuliza kama nimeweka sanamu ndani.

Sasa amekwenda zake. Mfuko, mwavuli.
Jana nilimkuta Mwanatumu na ungo, kimya,
kijiwe kimoja ki baina ya vidole, hakitupi.
"Uko njia gani, bibi?" nikamtania.
"Nyamaza," akasema, "wanipotezea hesabu."