Mita ya Nne

Mwalimu Lwaboshi hukaa kila mara
ukuta ukiwa kushoto kwake.
Kwenye mgahawa wa Nguba, kanisani, matangani,
huhamisha kiti kwanza, ndipo asalimu watu.
Sikio la kushoto alilizika ziwani
mwaka ule injini ya boti ya Cirhuza ilipozama:
alikuwa na mafua, alikuwa na deni la karo,
akashuka akimeza mate na ubishi.
Alisikia mlio mdogo, anasema,
kama karatasi ya chumvi inayochanika,
kisha baridi ikamwingia kichwani
na Kivu nzima ikamzunguka kama gurudumu,
asijue juu ni wapi.
Akafuata mapovu yake. Ndiyo yaliyomtoa.

Mimi Nsimire, binti wa muuza sambaza,
nimemaliza somo la kwanza, la kuogopa,
na la pili, la kujifanya siogopi.
Sasa ananifundisha la tatu,
nalo halina ushujaa wowote:
kubana pua.

"Anza kabla hujazama, mgongo ungali na jua.
Bana, sukuma pole,
kama unayepuliza jivu bila kutaka kuamsha moto.
Kila urefu wa mkono, tena.
Usingoje maumivu; maumivu ni barua iliyochelewa.
Pamba usitie. Nta usitie.
Na siku ya mafua, kaa nyumbani uoshe vyombo."

Alhamisi ikazama injini nyingine.
Wenyewe wakaweka dola hamsini juu ya ubao wa boti,
wakazikandamiza kwa jiwe.

Mita moja, sikio likasema tiki.
Mita mbili, tiki, la kulia;
la kushoto likajikokota, likaja.
Tatu.
Ya nne, mlango ukagoma.
Kidole kikaingia ndani ya fuvu
kikaanza kubonyeza.
Nikapanda kidogo. Nikameza. Nikainamisha kichwa begani, nikabana.
Kimya.
Nikapanda tena, nikajaribu tena.
Chini niliiona injini, nyekundu,
imelala ubavu kwenye tope
karibu kama sufuria iliyo mezani.

Nikainua dole gumba,
ambalo kwetu wazamiaji maana yake: ninapanda.
Likatangulia kutoka majini,
na wale wa boti wakashangilia: "Ameipata!"

Sijui aibu ina mita ngapi.
Mmoja akatema mate upande wa pili,
mwingine akaondoa jiwe, akakunja noti zake.
Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilisikia. Halikulipwa, lakini lilisikia.
Lwaboshi hakunena kitu.
Alinipa taulo, upande uliokuwa mkavu,
kisha akasema: "Vaa kofia, kuna upepo."

Jumamosi injini ikaopolewa
na kijana kutoka Goma, kwa kulabu na kamba,
wala hakulowa magoti.

Nilingoja siku tisa, pua ikauka.
Nikashuka bila dola, bila injini,
tiki, tiki, kama mtu anayefungua vyumba
vya nyumba aliyorithi.
Mita ya nne ikafunguka ya kwanza kabisa.
Ya kumi. Ya kumi na tano,
pale samaki wadogo hugeuka wote pamoja
kama ukurasa.
Huko zaidi, kwenye gesi na giza, hatuendi;
kuna ujuzi wa kujua sakafu yako.

Jioni akaniuliza, chai ikipoa:
"Na upande wa kushoto, ulisikia nini?"
Aliuliza kama mtu anayeulizia mtaa aliohama.

Nikamwambia: niliisikia meli ikiondoka bandarini,
nikageuka huku, nikageuka kule, sikuiona.
Chini kule hakuna kushoto, mwalimu.
Sauti hutoka kila mahali kwa pamoja.
Sote tunashuka na sikio moja.

Akanyamaza. Akasogeza kiti,
kidogo tu, mbali na ukuta.
Kisha akaninyoshea kijiko:
"Masikio umeyakausha?"