Siku ya Ishirini na Mbili

Kishingo aligoma siku ya Jumatatu,
akavimba karaini kama andazi kwenye mafuta,
macho hayaoni mtu, mtama haugusi,
sauti yake imeshukia tumboni: kwo, kwo, kwo.
Milembe, jirani yangu wa mlango wa pili,
alimtazama mara moja tu: "Huyu keshafunga ofisi."

Nikampa mayai kumi na matatu,
matano yangu, manane ya Milembe.
Makubaliano: nusu kwa nusu,
ingawa nusu ya kumi na matatu
hatujui nani ataikata.
Kila yai nikalitia namba kwa mkaa.
Chini nilitandika majani makavu, kitenge kilichochoka,
majivu kidogo ya kuukomesha utitiri,
na msumari wa inchi nne, kwa ajili ya radi.
Habari za msumari ni za Milembe.
Mimi siamini.
Nilichagua usio na kutu.

Chumba chetu, huku Mabatini, kimeegemea jiwe
kubwa kuliko nyumba ya mwenye nyumba.
Mchana jiwe linakunywa jua,
usiku linalipa deni kidogo kidogo.
Upande huo nikamweka Kishingo, chini ya kitanda.

Kazi yangu ni ya barafu.
Kiwandani tunatoa minofu ya sangara usiku kucha,
gambuti miguuni, kisu mkononi,
na vidole, ikifika saa tisa, si vyangu tena,
ni vya kiwanda.
Alfajiri narudi ngumi nimezifungia ndani ya kanga,
napiga magoti kando ya kitanda,
nazipenyeza taratibu chini ya kifua chake.
Mwanza nzima hakuna mahali pa moto kama pale.
Alinidonoa. Kila siku alinidonoa,
na kila siku nilichelewa kutoa mkono.

Siku ya saba nikamulika kwa tochi ya simu.
Ndani ya namba nne, mishipa myekundu
imetawanyika kama mito inayolitafuta ziwa,
na katikati doa jeusi
likaruka.
Namba mbili na namba kumi na moja, weupe mtupu.
Nikayatoa bila kumwambia mama yao.

Usiku wa kumi na nane sikuwa na zamu.
Radi ilitoka ziwani
ikagonga mawe ya mlima, moja baada ya jingine,
kama mwenye nyumba tarehe moja.
Bati likalia. Umeme ukaenda.
Kishingo hakutikisa hata unyoya.
Aliyenyoosha mkono gizani
kuutafuta msumari ni mimi.

Ya ishirini na moja wakaja, bila haraka,
kwanza ufa, kisha tundu, kisha mdomo
wenye kijino cheupe cha kuazima.
Kumi, wamelowa kama waliookolewa majini;
kufika mchana wamekuwa pamba yenye miguu.
Namba tisa ikabaki, inagonga.
Inanyamaza. Inagonga.
"Usimsaidie," Milembe akasema,
"ukimbandulia ganda, unambandua na roho."
Nikaenda kazini. Usiku kucha
niliisikia namba tisa katikati ya visu.

Asubuhi Kishingo amekwisha hama,
anaparua sakafu, anawafundisha wale kumi vumbi.
Yai liko karaini, baridi kama mimi.
Sikujua la kufanya. Nikalitia kwapani
nikaanza kutwanga dagaa wa vifaranga kwa mkono mmoja.
Kinu hakijafika nusu
kitu kikanigonga ubavuni.

Hakuwa mzuri. Mguu wa kushoto umekunjika,
kitovuni bado ana uzi.
Nikangoja giza, kuku hahesabu gizani,
na kabla sijavaa gambuti za zamu
nikamsukuma chini ya lile joto,
vidole vyangu, kwa mara ya kwanza, vya moto.
Kishingo akanidonoa.
Kisha akajiinua kidogo, akafungua bawa,
akakaa.

Milembe bado ananidai nusu
ya kumi na mmoja.