Mizani ya Kizota

Wa kwanza alikuja Jumanne, vumbi likimtangulia,
akatusalimu "Mbukwenyi!" kwa lafudhi ya kukariri.
Tukaitika, maana salamu haina kadi ya chama.
Akasema sheria ikipita, kuchoma waya ni jela.
Miezi sita. Na faini juu.
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga,
kisha nikakumbuka ni nani anayechoma.

Ndahani wangu, kidato cha pili,
jioni hushuka korongoni na furushi la nyaya:
plastiki iondoke, shaba ibaki.
Moshi ule una utamu wa kuchefua,
huning'inia juu ya mizabibu ya Chiteji
kama mdai aliyekataa kuaga.
Saa nane za usiku mtoto anakohoa
na mimi nahesabu: kikohozi, kilo, kikohozi, kilo.

Wa pili, Bi. Merabu, alikuja na karatasi.
Huyo nilimpenda. Alitamka "zebaki" na "risasi"
bila kutazama alikoandika.
Alisema aliyeziingiza nchini ndiye atakayezizika,
muuza friji alipie kaburi la friji.
Nikamwuliza: mama, mimi na mizani yangu hii
tumo kifungu cha ngapi?
Akafunua. Akafunua tena.
Upepo wa Septemba ukamsaidia kufunua.
"Mmetajwa," akasema, "kama wadau."

Wadau.
Nikalibeba neno hilo hadi nyumbani,
nikaliweka kwenye sahani ya mizani,
upande wa pili betri moja ya simu ya batani.
Betri ikashuka.

Wa tatu sitamsema sana. Aligawa kofia.
Alipoulizwa kuhusu taka za umeme
alidhani tunalalamikia luku,
akaahidi uniti za bure.

Hatimaye kila kitu kinapita kwangu:
runinga za kichogo, pasi zilizounguza mashati ya harusi,
kompyuta zilizohamia Dodoma pamoja na wizara,
stika ya mali ya umma bado imeganda ubavuni.
Nani aliyeziuza? Sikuuliza.
Mwenye njaa hakagui stika.

Juzi, kampeni zikielekea ukingoni,
kijana wa gari la matangazo akaniletea spika.
Imepasuka koo, akasema,
imepiga kelele siku arobaini.
Ilikuwa ya mgombea gani?
Akacheka hadi akashika mlango wa gari.
"Waliikodi wote watatu. Kwa zamu."

Nikaifungua kwa bisibisi.
Ndani: koni ya karatasi, imechanika,
buibui mmoja, hai,
na sumaku nzito isiyo na la kusema.
Kilo mbili na robo.
Nikamlipa za kilo mbili na robo.

Ndahani akanyoosha mkono kuchukua waya wake,
mita sita, mwekundu na mweusi.
Nikamwambia huu hauchomwi.
Tukakaa kizingitini na visu viwili
tukauvua ganda polepole kama muhogo,
tukamaliza jogoo wa jirani akiwika,
na shaba yenyewe haikutosha kununua sukari.

Keshokutwa napiga kura.
Jina ninalo, karatasi ya Merabu nimeiomba nakala,
chini ya "wadau" nimeandika kwa kalamu ya risasi:
Tabu Mchiwa, Kizota, mwenye mizani.
Kinachonisumbua ni kidogo tu.
Vidole vyangu hivi, vyeusi hadi kwenye kucha,
wino wao wataupaka wapi uonekane?