Safu Mbili

Asubuhi hiyo, kijijini kando ya Brahmaputra,
Kunjalata alikuwa akifunga nondo wa hariri:
jike mmoja, kijiti kimoja cha nyasi kavu,
fundo moja la uzi chini ya bawa,
lisilobana, lisiloachia,
ili mayai yatagwe hapohapo, yahesabike.

Nirupoma kakaa kizingitini na daftari la sayansi.
Mwalimu anataka tofauti. Safu mbili, alisema, kwa rula.

Kipepeo wa mlimau: mweusi, madoa ya rangi ya siagi,
jekundu moja nyuma, kama aliyekalia tambuu.
Vipapasio vyake vina vichwa, njiti za kiberiti.
Vya nondo dume ni jani la jimbi.
Kipepeo akilala hufumba mbawa.
Nondo hutandika zake kama mkeka,
macho manne yamechorwa humo, hayaoni kitu.

"Mama, nondo anakula nini?"
"Hali. Hana mdomo."
"Hata maji?"
"Alishakula. Alipokuwa kiwavi alitumalizia mti mzima,
matawi yakabaki miiba ya samaki."

Nje, kipepeo alikunjua ulimi,
akanywa ua hili, akaliacha, akanywa lile.
"Huyo," alisema Kunjalata, "watoto wake
wamejifanya kinyesi cha ndege, wanatafuna malimau yangu,
na sijapata kwake hata uzi wa kushonea kifungo."

Lugha ninayoandikia humwita nondo
kwa jina la chuma kinachoshika zege.
Ningemwambia Kunjalata, angecheka:
chuma gani, mdudu wa kufungwa kwa uzi?
Halafu angenyamaza, akaishika shali ya arusi yake,
ya dhahabu, iliyozidi kung'aa kila ilipofuliwa,
miaka kumi na tisa.

Hawa waliofungwa ndio waliobahatika.
Wenzao walichemshwa juzi kwa maji ya majivu
kabla ya kuota bawa,
na Nirupoma alikula mabuu yao kwa chumvi na pilipili,
akaomba tena.
Hilo hakuliandika. Halikuwa na safu.

Usiku, mama akikoroma, alifungua fundo moja.
Akangoja na kurunzi.
Nondo hakwenda popote. Alitikisa bawa lililokuwa na uzi,
akasogea hatua moja kijitini,
akataga yai, na jingine, na jingine,
mpaka betri ikafifia.