Milimita Saba

Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani.
Ya kwangu hayakusalimiana hata:
taya la chini lilitangulia
kama mgeni asiyengoja karibu,
na miaka ishirini na minne nikatafuna
upande mmoja tu, wa kushoto,
juu, chini, juu, chini,
panga kwenye gogo.

Ndiyo maana nilipenda kalo.
Kwetu Fort Portal kalo ya ulezi haitafunwi:
unafinyanga tonge, unachovya, unameza,
na hakuna mtu wa kukuangalia mdomo.

Daktari Adeke alinichorea nyuma ya kalenda
njia ya taya la mtu anayekula:
linashuka, linapinda pembeni, linarudi likisaga,
umbo la tone la maji lililoinama.
Akachora na la kwangu. Mstari.
"Tutakata mfupa, turudishe nyuma milimita saba."
Saba! Punje moja ya hindi, basi.

Wiki sita za raba na kimya.
Mama alipanda basi hadi Mbarara na termosi ya firinda,
maharage aliyoyamenya ganda kwa ganda,
akayaponda, akayachuja mara mbili
ili yapite kwenye bomba la sindano
nyuma ya magego.
Ncha za vidole vyake zilikuwa zimejikunja kwa maji.

Raba zilipotolewa nilidhani nitakula.
Rula ya plastiki katikati ya meno: kumi na nane.
Mwezi uliofuata: ishirini na tano.
Ndizi mbivu ilinitoa jasho.
Mdomo una ganzi bado;
mchuzi ukitiririka kidevuni, naambiwa na watu.

Mfupa ulihama asubuhi moja, umelala usingizi wa dawa.
Misuli haikuambiwa.
Kila nikiuma, taya lilikwenda kubisha nyumba ya zamani,
likakuta ukuta palipokuwa mlango,
likasimama,
likaanza tena.

Soko la Mpanga wakanishangilia: Abwooli, umependeza!
Nikacheka nao, kisha nikajibanza nyuma ya magunia
nikatafuna chapati yangu
panga kwenye gogo.

"Uupe mwaka," alisema Daktari Adeke kwenye simu,
"na usilinganishe na mtu."
Nikaupa. Nikatafuna ubani mbele ya kioo,
kulia, kushoto, kulia,
kama mtoto anayeandika herufi o.

Mwezi wa kumi na moja, jioni ya mvua,
Mama anasonga kalo, amenipa mgongo.
Nikachukua hindi la kuchoma pale jikoni,
nikauma. Upande wa kulia.
Zile punje zilisagika
(sijui niseme vipi)
zilizunguka.

"Nani huyo anakula?" akauliza bila kugeuka.
"Ni mimi, Mama."
Mwiko ukasimama ndani ya chungu.
Mvua ikapiga mabati.
"Endelea," akasema. "Nikusikie."